Kliniki Nyingi na Bahari Katikati: Kupanga Tarehe za Hospitali za Mtoto Mwenye Sindromu ya Down Ukiishi Lamu

Mwanangu alipotimiza miezi mitatu nilizitandaza karatasi zake kitandani nikahesabu tarehe saba za kurudi hospitali. Mbili ziligongana Jumanne moja: moyo Mombasa, chanjo ya wiki ya 14 hapa Lamu. Moja ilikuwa imeshapita na sikuwa na habari. Mavyaa wangu alizitazama zile karatasi, akasema, "Huyu ana safari kuliko nahodha."

Hakukosea. Sindromu ya Down ni kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, na hiyo moja ya ziada haikai mahali pamoja. Inaweza kugusa moyo, masikio, macho, tezi ya shingoni, tumbo na nguvu za misuli, na kila kiungo kina daktari wake na siku yake ya kliniki. Wa moyo hutazama moyo, wa masikio hutazama masikio. Aliyevuka kwenda Mokowe, gati la bara, alfajiri na mtoto mzima kifuani ni wewe, na katika hao wote hakuna aliyepanga tarehe yake akijua habari ya boti.

Nimeandika haya kwa mzazi aliye Lamu mjini, Shela, Matondoni, Pate au Faza. Wenzetu wa Malindi wana Mombasa kilomita kama 120, wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Wachukue yatakayowafaa. Sisi tuna zaidi ya kilomita 300 za barabara baada ya maji, kwa hiyo hesabu yetu huanza na safari.

Kwanza, karatasi zote ziingie daftari moja

Nunua daftari la jalada gumu. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kibaki na kazi yake ya chanjo na uzito, maana kurasa zake hazitoshi mambo ya mtoto huyu. Mimi daftari nililigawa hivi: mbele ni tarehe, katikati ni kila daktari na ukurasa wake, nyuma ni dawa na vipimo. Kila ukurasa wa daktari una nambari ya faili ya hospitali hiyo. Ukifika ofisi ya rekodi bila nambari, asubuhi yako imekwisha.

Kila karatasi piga picha kwa simu siku hiyohiyo, umtumie na babake. Asili zake ziweke kwenye mfuko wa zipu usiopitisha maji. Nilijifunza hili gatini, wimbi moja la kusi liliporuka ubavuni mwa boti na majibu ya damu yakageuka wino wa buluu. Kipimo kilirudiwa na mtoto akachomwa sindano ya pili kwa kosa langu.

Halafu jifunze kusoma mwandiko wa daktari, angalau mahali pamoja. Chini ya karatasi utaona herufi TCA na nambari kama za sehemu za hesabu. TCA maana yake urudi. Ya chini ni 7 basi ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo TCA 2/52 ni baada ya wiki mbili, na TCA 3/12 ni baada ya miezi mitatu. Ile tarehe yangu iliyopita ilikuwa imeandikwa 6/52 nami nikadhani ni kumbukumbu zao wenyewe. Usitoke chumbani kabla hujaitamka kwa kinywa: "Daktari, ni Jumatano tarehe ngapi?"

Pili, uliza ikichelewa itakuwaje

Tarehe zote zimeandikwa kwa wino mmoja lakini hazina uzito mmoja. Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: "Hii ikisogea wiki tatu, kuna kitakachoharibika?" Daktari mzuri hakasiriki. Atakwambia hapana, au atanyanyua uso akwambie usithubutu.

Moyo ndio wa usithubutu. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengine hawatoi kelele yoyote kwenye stethoskopu. Kwa hiyo kila mtoto, hata anayenyonya vizuri na mwenye afya machoni, hutakiwa kupigwa picha ya moyo, ile wanayoiita eko, katika wiki za mwanzo. Tundu kubwa la katikati hupeleka damu nyingi mapafuni kwa nguvu, na mishipa ya mapafu huumia polepole bila mtoto kulia. Ikishaumia sana, upasuaji wenyewe hauwezekani tena. Ndiyo maana aina hiyo mara nyingi hupasuliwa kabla ya miezi sita. Mtu akikwambia ungoje mpaka anone, muulize daktari wa moyo kabla ya kutii.

Sisi tulichelewa. Alizaliwa Novemba 2023, mvua za El Nino zikiwa zimekata barabara pale Lango la Simba, na tulifika Mombasa ana wiki saba. Tundu lilikuwa dogo, alhamdulillahi, la kutazamwa tu. Lingekuwa kubwa, zile wiki zingekuwa na bei. Njia ikikatika tena na daktari hapa akaona dalili za moyo, msikae kungoja maji yakauke. Muulizeni kuhusu rufaa ya ndege kutoka uwanja wa Manda, na familia ichange.

Damu ya tezi ya shingoni, thairoidi, hupimwa baada ya kuzaliwa, kisha miezi sita, kisha mwaka, halafu kila mwaka. Hii inaweza kusogea siku chache, ila isisahaulike. Tezi ikilegea, mtoto hulala sana, hufunga choo, hupoa na kunyong'onyea, na jirani atakwambia watoto hawa ndivyo walivyo. Usikubali, mpeleke akatolewe damu. Pia kuna hesabu ya chembe za damu ya siku za mwanzo. Baadhi ya watoto wetu huzaliwa na chembe zisizo za kawaida ambazo nyingi hupotea zenyewe kwa miezi michache, lakini lazima zifuatwe mpaka zipotee kweli.

Masikio hupimwa akiwa mchanga na kurudiwa kama kila miezi sita, kwa sababu njia zao ni nyembamba na maji hujaa ndani bila maumivu. Macho yatazamwe na mtaalamu kabla ya miezi sita. Ukiona mboni moja inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, usingoje tarehe.

Chanjo ni zilezile za watoto wote, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na 18, na hizi hazihitaji kuvuka maji. Mtoto huyu hushikwa na kifua upesi, basi zisirukwe.

Kuna na kipimo cha kromosomu chenyewe, cha kuthibitisha. Kina faida, hasa kama mnataka mtoto mwingine na daktari anashuku aina ile inayoweza kurithiwa. Lakini ni ghali na majibu huchukua wiki. Kama fedha ni moja na vipimo ni viwili, mimi ningeanza na eko. Matibabu hayangoji karatasi ya kromosomu.

Tatu, zigawe kwa mahali

Chukua ukurasa wa mbele wa daftari, upige mistari miwili. Safu ya kwanza iwe ya mambo ya kisiwani: chanjo, uzito, kifua, dawa za kawaida, kwa hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu nawe. Ya pili Mombasa. Ya tatu Nairobi, na wengi hawataihitaji. Ni ya wale wanaopelekwa kupasuliwa moyo, Kenyatta au Mater.

Kisha kazi iwe kuvuta mambo kutoka safu ya pili kuyaleta ya kwanza. Muulize daktari wa Mombasa: damu hii inaweza kutolewa Lamu, majibu nikaletewa kwa simu? Uzito ukipimwa nyumbani kila wiki mbili nikakutumia, nitaokoa safari moja? Mengine atakataa. Kwangu alikubali mawili, na mawili kwa mwaka ni siku nane za safari.

Mazoezi ya viungo ndiyo yaliyonipa nafuu kubwa. Mwanzoni niliambiwa nije kila wiki, na hilo kwa mtu wa Lamu ni kuhamia Mombasa. Nikamwambia yule mtaalamu, dada mmoja mpole, anifundishe mazoezi matatu tu nikayafanye kila siku, aniruhusu nimrekodi mikono yake. Akakubali, akaniandikia nirudi baada ya miezi miwili. Mtoto akalazwa kifudifudi mkekani kila baada ya kuoga, bibi yake akimchezea njuga mbele ya uso. Mazoezi ya kila siku mkekani yana nguvu kuliko nusu saa ya hospitali kwa wiki.

Nne, funga tarehe tatu katika safari moja

Kliniki za hospitali kubwa zina siku zake. Moyo ina siku yake, macho yake, masikio yake. Ziandike. Ukishazijua, ukiwa kwa daktari wa kwanza mwambie: "Mimi natoka Lamu. Macho ni Jumatano wiki ileile, tafadhali nipange Jumanne." Sema Lamu mapema, kabla hajaandika. Akishaandika, kufuta ni kazi ya watu watatu.

Safari yangu huwa hivi: Jumatatu njiani, Jumanne na Jumatano hospitali, Alhamisi njiani. Siku ya kwanza hailengi daktari yeyote, kwa sababu basi la Mokowe hata likiondoka mapema hukufikisha mchana umeshapinda na kliniki zimefungwa. Watu hujaribu kuunganisha usiku na asubuhi. Kwa mtoto wa moyo sikushauri.

Na piga simu siku mbili kabla. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulianza katikati ya Machi ukadumu siku 56, nami Aprili nilikwenda mpaka hospitali moja, jina nalihifadhi, nikakuta mlango umefungwa na mlinzi anakula mihogo. Hakuna aliyenikosea zaidi ya mimi niliyesikia redio nikadhani watoto watahudumiwa. Tangu hapo nina nambari ya nesi wa kliniki ya moyo. Humwandikia ujumbe mfupi, jina la mtoto na tarehe, sipigi porojo, naye hujibu.

Kalenda yetu ina mambo yake. Mfunguo Sita, wiki ya Maulidi, boti zimejaa wageni. Ramadhani safari inawezekana lakini mama anayenyonyesha ajihesabu mwenyewe, ruhusa ya kula ipo. Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari, kwa hiyo kliniki zinazosogezeka zivutwe Mei au zisukumwe Septemba. Na anayetoka Pate aulize maji kabla ya kuuliza daktari, kwani mkondo wa Mkanda maji yakipwa haupitiki. Zahanati ikikuandikia rufaa ya asubuhi na bamvua imeshuka, utakaa ufuoni na barua mkononi.

Tano, njiani

Mtoto huyu shingo yake ni legevu zaidi ya wengine, na viungo vya juu ya uti wa mgongo vinaweza kucheza. Pale gatini tumezoea kupokezana watoto juu ya maji kama kikapu cha mahamri. Huyu asipitishwe hivyo. Shuka wewe kwanza, ukae, kisha apokelewe na mkono mmoja nyuma ya kichwa. Mabaharia wetu wakiambiwa huelewa, na mmoja sasa akiniona tu huizima mashine.

Mkobani mwangu huwa na daftari na mfuko wa zipu, kitambulisho changu na cheti cha mtoto (vizuizi vya polisi ni vingi, uviweke juu), dawa pamoja na sirinji yake ya kupimia, leso tatu, kikombe na kijiko, na nguo za kubadili mara mbili ya unavyodhani. Dawa ya kukojoa, ile wanayopewa watoto wa moyo, humkojoza mara nyingi kwa saa kadhaa baada ya kunywa. Muulize daktari kama siku ya safari saa inaweza kubadilishwa. Usiiruke kwa uamuzi wako.

Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, ameinuka. Ulimi wake na taya ni vilegevu, basi likirukaruka atapaliwa. Nilikuwa nangoja kituo ndipo nimpe. Maziwa ya kukamua kwa joto la basi hayakai, hivyo kamua machache tu.

Hospitalini kaa karibu na dirisha, mbali na wanaokohoa. Wakikuona unajitenga watasema unaringa. Sema salamu, ubaki hapohapo.

Sita, ndani ya chumba

Foleni ni saa nne, daktari ni dakika kumi. Andika maswali matatu usiku wa kuamkia. La kwanza liwe lile linalokunyima usingizi, maana la mwisho mara nyingi halifikiwi. Mimi niliwahi kuanza na upele wa shingoni nikatoka sijauliza kwa nini anatoka jasho akinyonya.

Anza kwa sentensi mbili: umri, ana sindromu ya Down, moyo uko hivi, dawa ni hizi. Daktari unayemkuta leo huenda si wa jana, na faili ikipotea daftari lako ndilo faili. Akisema neno gumu mwambie, "Daktari, niandikie." Uliza kuhusu chati ya ukuaji ya watoto wenye sindromu ya Down, kwa kuwa ukimlinganisha na mtoto wa jirani utalia bure, na ukisema ni mdogo kwa sababu ya Down tu utaacha ugonjwa unaotibika.

Mambo yasiyongoja tarehe yoyote

Ukurasa huu ubandike jikoni. Anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani. Midomo au ulimi kuwa buluu. Jasho la kichwa akinyonya, anachoka katikati, uzito hausogei. Matapishi ya kijani. Tumbo limevimba na choo kimefunga, hasa kwa mchanga. Homa. Madoa ya damu chini ya ngozi bila kugongwa. Manjano isiyoisha. Anakuwa mzito kuamka.

Lolote katika haya ni kwenda usiku huohuo. Kwa hiyo uwe na nambari za mabaharia wawili wanaokubali kuamshwa, na wote wawili wajue mapema kwamba nyumba yako ina mtoto wa moyo. Ya pili ni ya siku simu ya kwanza itakapokuwa imezimwa.

Fedha na usajili

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Muingize mtoto kama tegemezi mapema, na hilo linataka cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo cheti kisikae. Michango iwe imelipwa kabla ya tarehe ya hospitali, maana kufika mlangoni na deni ni kurudishwa ukalipe kwanza kwa simu. Upasuaji unataka idhini kabla. Anayeshughulikia ni hospitali, lakini anayefuatilia ni wewe, na uombe jina la ofisa anayeshika karatasi yako.

Tathmini ya ulemavu hufanywa hospitalini, kisha usajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine huona aibu kumuandikisha mtoto mchanga. Babake aliona hivyo. Sikubishana naye barazani, nilimpa daftari akasome jumla ya nauli za mwaka, na wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe.

Kuhusu babake: usibebe kila kitu. Kwetu yeye ana simu na SHA, mimi nina daftari na daktari, mavyaa ana wale watoto wangu wakubwa wawili nyumbani. Watu wa mtaani watakuja na kombe, maandishi ya dua yanayooshwa yakanywewa, na hirizi. Dua hatukatai. Lakini hakuna dawa ya kunywa inayoingia kinywani mwake bila daktari wa moyo kujua, na hilo mavyaa ndiye anayelilinda mlangoni, kwa ukali kuliko mimi.

Mwisho, omba kuachishwa

Kliniki ikianza haijimalizi yenyewe. Daktari mpya ataandika 3/12 kwa sababu wa mwanzo aliandika 3/12. Kila baada ya miezi sita keti na daftari, kisha uulize kila daktari: mtoto bado anakuhitaji? Tundu la mwanangu lilipojifunga, wa moyo alisoma kurasa zangu nne, akaandika TCA 12/12. Nilimuomba anisomee kwa sauti, ingawa nilishaijua. Masikio bado ni kila miezi sita. Macho ni mara moja kwa mwaka, na tumeyapanga Septemba pamoja na damu ya tezi, kusi ikishalala.